Bahari ya Suuq Mugdi

Fahali alikata kamba saa nne asubuhi, na kabla mwenyewe hajageuka alikuwa amemtoboa mchukuzi mmoja paja na kuzifanya meza tatu za nyanya kuwa rojo. Soko la Suuq Mugdi, moyo wa mji wa Garissa, likalipuka kwa mayowe. Kaha alikuwa katikati ya njia, amevaa abaya mpya ya rangi ya komamanga aliyoileta mwenyewe kutoka Uturuki. Akajaribu kukimbia, kisigino cha kiatu kikanasa. Akaziona pembe. Zilikuwa na damu.

Mkono wa mtu ukamnyakua begani, ukamvuta juu ya ngazi. Fahali akaipiga ngazi kwa kichwa, ikayumba, na ndoo ya rangi ya buluu ikammwagikia Kaha kutoka mtandio hadi miguuni. Kisha fahali akapita, wanaume wenye marungu nyuma yake, wakamwangusha mbele ya maduka ya simu.

"Uko hai, abaayo, dada yangu?" akauliza mwenye ngazi, kijana mrefu mwembamba, shati lake lina rangi zote za duniani.

"Niko hai na nimekuwa buluu. Unajua nguo hii imetoka wapi?"

"Kwa rangi yake ya sasa, imetoka mbinguni."

Kaha alitaka kumzaba kofi. Badala yake akajikuta anacheka.

"Umeniharibia nguo, utanipambia ukuta," akasema. "Duka langu la nguo linaitwa Antalya. Ukutani kwangu, upande wa barabarani, utanichorea mji wenyewe."

"Antalya? Ni upande gani wa Wajir?"

Hivyo ndivyo Kaha alivyomjua Dubow, mchoraji wa mabango, mzaliwa wa Masalani, ambaye bahari pekee aliyoijua ni mto Tana ukifurika.

Kwa siku kumi Dubow alipanda ngazi na Kaha akakaa chini kwenye kigoda, Hinda, msaidizi wake wa dukani, akiwa katikati yao ili midomo ya soko ikose chakula. Kaha alikuwa amefika Antalya mara mbili, mwenye kiwanda cha nguo alipowaalika wateja wake. Akamweleza Dubow lango la marumaru lenye matao matatu, lililojengwa kwa ajili ya mfalme wa Kirumi, na mawe yake yaliyochimbika kwa magurudumu ya kale. Akamweleza bandari ndogo chini ya ukuta mkongwe, mnara wa msikiti uliojengwa kwa matofali mekundu, wenye mifuo kama shina la mti, na michungwa iliyopandwa kando ya barabara.

"Na mto wao," akasema, "hauingii baharini kwa adabu kama mito mingine. Unafika ukingoni mwa jabali na kujitupa. Maji yanaanguka moja kwa moja juu ya mawimbi."

"Kama mtu aliyependa," akasema Dubow bila kugeuka.

"Chora, wewe. Na huyo ngamia wa ufukweni, mfute."

"Kaha, ufuo mzima hauna hata ngamia mmoja? Watu wanafanya nini huko?"

"Wanalala juani."

"Wana wazimu."

Jioni simu ya Kaha ililia. "Macaan wangu, mtamu wangu," Dubow aliita, "leo nimeoga mara tatu na buluu haitoki. Mama ananiuliza kama ni ugonjwa."

"Mwambie ndiyo. Na mwambie dawa yake iko Suuq Mugdi."

Lakini midomo ya soko ilikula hata hivyo. Jelle, kaka yake Kaha, dalali wa mifugo na mwenye sauti nyumbani tangu baba yao afariki, alisikia kwamba dada yake anachekeshwa hadharani na mpaka rangi. Siku ya kumi na moja Dubow alikuwa juu kabisa, anatia theluji kwenye mlima ulio nyuma ya bahari. Jelle hakusalimu. Aliipiga ngazi teke.

Dubow akaanguka mgongoni, kishindo kikazima maneno ya soko zima. Jelle akanyakua chuma cha kufungia mlango wa duka. "Unachora kwa mkono upi?" akauliza kwa upole wa kutisha. Akaukanyaga ule wa kulia, akapiga. Kidole cha kwanza kililia kama kijiti kikavu. Akapiga tena. Kaha alimrukia kaka yake mgongoni, akamng'ata sikio mpaka ladha ya chumvi ikamjaa kinywani. Jelle akamtupa ukutani kama gunia. Pigo la tatu likashuka. Damu ikarukia mawimbi yaliyokuwa hayajakauka.

Kesho yake binamu zake Dubow walitoka Masalani kwa magari mawili. Walimkuta Jelle kwenye mnada wa mifugo. Walimvunja taya, wakamchoma kisu pajani, wakamwacha kwenye kinyesi cha ng'ombe. Siku mbili nzima mawe yaliruka mjini. Kioo cha duka la Kaha kikamwagika barabarani, na moshi wa matairi ukafuata watu mpaka vitandani.

Siku ya tatu wazee wa pande zote mbili walijifungia katika ukumbi wa hoteli. Mzee Diriye, ndugu ya baba yake Kaha, alirudi amechoka, anatabasamu kama mtu aliyebeba asali.

"Damu imelala, mwanangu. Ngamia kumi na tano kwa mkono wa kijana. Na ili kinyongo kifutike kabisa, tumetoa binti, kama desturi ilivyo. Tumekutoa wewe. Nimempigia kijana simu mimi mwenyewe. Akasema ndiyo kabla sijamaliza jina lako."

"Mmenitoa, adeer? Mimi ndiye ngamia wa kumi na sita?"

"Lakini si unampenda? Mji mzima unajua!"

"Ndiyo maana!" akapiga ukelele Kaha. "Ndiyo maana!"

Akampigia Dubow.

"Macaan, umesikia? Sijalala kwa furaha."

"Hongera. Umepata malipo ya vidole vitatu."

"Malipo gani?"

"Ningekuja kwako kwa miguu yangu, Dubow, nikicheka. Sasa nitaletwa. Nikizidisha chumvi, mama yako atautazama mkono wako. Tukigombana, nitaambiwa: nyamaza, wewe ni fidia."

"Kaha, wallahi waliniuliza kama nakutaka. Hawakusema—"

Alikata simu. Akachukua nyundo, akaenda dukani kwa miguu, na mbele ya macho ya soko zima akaivunja bahari. Alilipiga lango la matao, akaupiga mnara, plasta ikaanguka mabonge mabonge na vumbi likamfanya mweupe kama maiti. Hinda alilia na kumwomba aache. Hakuacha mpaka maji yale yaliyojitupa kutoka jabalini yakawa tundu.

Alhamisi ngamia walipangwa nje ya ukumbi ili wakabidhiwe. Kaha aliketi na wanawake nyuma ya pazia, ameshika kitambaa kwa ngumi. Akasikia sauti anayoijua.

"Wazee wangu, mkono uliovunjika ni wangu. Nimeusamehe. Ngamia siwataki." Dubow akavuta pumzi. "Na binti simpokei."

Ukumbi ukapasuka.

"Warya! Damu yetu haina bei?" Huyo alikuwa ami yake Dubow mwenyewe, na fimbo yake ikampata kijana mdomoni. Binamu wale wale waliopigana kwa ajili yake sasa wakamburuta nje kwa kola, wakimpiga mateke.

"Kinyongo ni changu!" Dubow alikuwa akipiga kelele, damu inamtoka mdomoni. "Nimekifuta mwenyewe! Hakuna mtu anayedaiwa!"

Kaha alilivuta pazia mpaka likakatika. Aliona mlango unafungwa. Na pembeni alimwona Jelle, taya lake limefungwa kwa nyaya, anaitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ameokota mikono ya mtu mwingine. Wazee walibishana mpaka adhuhuri, lakini aliyeumizwa akisamehe, nani atadai? Ngamia wakarudishwa malishoni, na upande wa Jelle nao ukayafunga madai yake.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja Kaha alikuwa anabandua plasta iliyobaki kwa nyundo, amevaa dera la nyumbani, alipoona kivuli cha ngazi kwenye lami. Dubow alisimama kando ya barabara, hakusogea ukutani. Mdomo una kovu, mkono wa kulia umo ndani ya bandeji ngumu, brashi iko katika wa kushoto.

"Ulinikataa mbele za watu," akasema Kaha.

"Nilikataa kukupokea. Leo nimekuja bila mzee na bila ngamia. Wazee watakuja ukiwaruhusu. Kaha, unanitaka?"

Kaha akautazama ukuta, mahali pekee nyundo ilipokuwa haijafika. "Theluji hukuimaliza."

"Mkono wa kushoto haujui theluji."

"Utajifunza. Lakini ngazi inataka mtu wa kuishika."

Nyayo zilisikika, mguu mmoja unaburutwa. Jelle akaegemeza mkongojo wake ukutani, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Macaan," Dubow akanong'ona, "mshika ngazi ndiye huyu?"

"Panda. Nitakujibu ukishuka mzima."

Alipanda. Kwenye kipandio cha nne ngazi ikatikisika, na Kaha akaikaza nyundo mkononi, macho yake yako shingoni mwa kaka yake.

"Sogea kulia," Jelle akasema kwa shida kupitia nyaya. "Ardhi imebonyea hapa." Akaweka bega lake chini ya ngazi mpaka mishipa ikamtoka.

Theluji ilikuja imepinda, kama nundu ya ngamia. Dubow akashuka kipandio baada ya kipandio, na hakuna aliyepumua mpaka mguu wake wa pili ulipogusa lami.

Kaha akaiweka nyundo chini.

"Ndiyo," akasema. "Na ukiichora upya bahari, ngamia wako mwache ufukweni."