Kielelezo Chenye Pembe

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kilabu cha Scola, Nsemulwa. Madebe mawili ya pombe, benchi moja, watu wanne. Gaudensi alichora sakafuni kwa mkaa.

"Kesi ina ngazi," akasema. "Unakamatwa. Unahojiwa. Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Unasomewa shitaka, unakana. Ndipo ushahidi, ndipo hukumu. Mimi hukumu sijawahi kuifikia."

"Maana shahidi wa kwanza alihama, wa pili alikuwa mkeo," akasema Scola.

Gaudensi hakugeuka, akaendelea kuchora. Kulala mahabusu mara mbili kulimfanya wakili kamili, kasoro joho.

Mwenye shida alikuwa Nkwabi. Mdogo wake, Malale, alikuwa mahabusu, huu mwezi wa saba sasa, kwa wizi wa fahali mmoja. Mtoto wa Malale ameanza kutambaa, baba hajamwona. Fahali mwenyewe, na alama ya moto begani, alikuwa amehifadhiwa kama kielelezo cha kesi, zizini nyuma ya kituo kidogo cha polisi, barabara ya Mwese. Jumatatu mashahidi wangeanza.

"Kielelezo kikikosekana watamwonyesha hakimu nini? Kamba?" Gaudensi akafuta mchoro kwa kandambili. "Kesi inakufa."

"Una hakika atatoka?" Nkwabi akauliza, kama alivyouliza wiki iliyopita walipopanga siku na korongo.

"Kaka, Jumatatu analala kwake."

Gervas wa bucha alikuwa ananoa kisu. "Na nyama?"

"Yako. Ngozi ichomwe, ina alama."

"Utumbo je?"

"Gervas, tunaokoa mtu."

"Nimesikia. Nauliza utumbo."

Saa sita na dakika kumi.

Jua kali. Scola alipita mbele ya kituo na kapu la maandazi, akarudi haraka kuliko alivyokwenda.

"Hakuna askari zizini. Hata mmoja. Mie sipendi."

"Wamekwenda kula," Gaudensi akasema.

"Wote? Nyie, polisi hawali wote kwa pamoja."

"Rudi kwako basi, kapike pombe."

Scola akaweka kapu chini, akamtazama Nkwabi tu. "Nkwabi, tuache."

Nkwabi alikuwa ameshavuka barabara. Scola akaokota kapu, akafuata.

Saa sita na robo.

Lango lilikuwa na waya, halina kufuli. Gaudensi akavuta kamba. Fahali hakutikisika. Gervas akasukuma nyuma, akapata teke la paja, akakaa kwenye mavi.

"Tokeni," Nkwabi akasema.

Alikulia nyuma ya ng'ombe tangu wazee wao wahamie Katavi na mifugo. Akapiga mluzi wa machungani, ule wa kuita kundi majini, mrefu, unaopanda mwishoni. Fahali akainua masikio. Akatoka zizini taratibu, nyuma ya Nkwabi, kama bibi harusi. Kamba wala haikuhitajika.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Korongoni, miombo mingi, nyasi za kufika kifuani. Gervas akachomoa kisu.

"Mgeuze kichwa."

"Subiri anywe maji kwanza," Nkwabi akasema.

"Anywe maji? Huyu ni wa kuchinjwa."

"Subiri, nimesema."

Kijiti kikavunjika. Gaudensi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Wakili akaacha kandambili zote mbili. Sauti ikasema, "Polisi, laleni chini." Gervas alilala, paja lilikuwa limegoma. Scola alikaa palepale, akavua kilemba, akajipangusa jasho.

Nkwabi akazama nyasini. Akatambaa hatua mia, akalala kifudifudi, hapumui. Angepona. Askari walikuwa wanatafuta upande wa Gaudensi.

Ila mluzi ule, ukishaupiga, mnyama anakufuata hadi apate maji. Na maji hakupewa. Fahali alipita nyasi, akafika, akasimama juu ya Nkwabi, akaanza kumlamba shingo. Pembe zilionekana kutoka barabarani.

Saa nane na nusu.

Meza, kalamu, karatasi. Sajini Bernadetha hakuwa na haraka.

"Nkwabi, unatuhumiwa kuiba kielelezo cha mahakama. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema nitaandika, na linaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya wakili au ndugu kuwepo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Ndugu yako tumjulishe nani?"

Nkwabi akafikiri. Hakuwa na ndugu mwingine.

"Malale. Yuko mahabusu."

Sajini akaweka kalamu chini. "Huyo anajua."

Feni ikazunguka.

"Ulimweleza mwenyewe Jumapili, ulipompelekea ndizi. Ameomba kukiri kosa, apunguziwe adhabu. Mwendesha mashtaka akamtaka aonyeshe anasema kweli. Akataja zizi, siku na korongo."

Nkwabi alitazama mikono yake. Ilikuwa bado inanuka ng'ombe.

"Atatoka?"

"Makubaliano yakithibitika na hakimu akiyapokea, anaweza kutoka Jumatatu. Ukikana wewe, maneno yake yatabaki yake peke yake, na makubaliano huenda yasithibitike."

Nkwabi akavuta kiti karibu na meza.

"Haya, afande," akasema. "Andika."