Paka Watatu wa Fundi

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika hadi mlangoni, na kila mtu aliyesimama humo alijiona ana haraka kuliko mwenzake, fundi cherehani alipofika kaunta na kuomba bomba dogo la sindano, lile lisilo na sindano yenyewe.

"La kumpa mtoto dawa?" muuzaji aliuliza.

"Maziwa."

"Ana umri gani?"

"Siku sita."

"Uzito?"

"Gramu mia na kumi."

Nyuma yake mwanamume akaangua kicheko. "Gramu mia na kumi? Dada, huyo ni mtoto au kipande cha sabuni?"

Fundi aligeuka kumkata jicho. Akakutana na nesi mrefu aliyevaa sare nyeupe iliyokunjwa mikono, kalamu tatu mfukoni, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu. Uso wake ulikuwa na ucheshi wa kuambukiza, na fundi akajikuta anacheka naye.

"Ni paka," alisema. "Watatu. Mama yao kagongwa na gari jana mbele ya duka langu."

"Basi umepata mtu. Mimi nalea vichanga wodini. Hao ndio saizi yangu."

Vipaka vilikaa kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, macho bado yamefumba, vimebanana kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Daktari wa mifugo alikuwa amemfundisha fundi kila kitu: maziwa ya unga ya paka, si ya ng'ombe, kila baada ya saa mbili, tumbo chini, kichwa juu kidogo, tone kwa tone, kisha pamba yenye maji vuguvugu, wasaidiwe kukojoa. Fundi aliandika yote kwa chaki ukutani. Nesi akawa anapita kila asubuhi akitoka kazini, na asipopita alipiga simu.

"Mama watoto, wamekula?"

"Wamekula. Baba yao amelala?"

"Atalalaje, na usingizi wake umeuficha wewe?"

"Mwongo wewe! Lala, mpenzi. Ukifika huku unapiga miayo mpaka wateja wangu wanaambukizwa."

Alikata simu huku akitabasamu peke yake kama mwehu. Miaka minne alikuwa hajatabasamu hivyo, tangu alipotoka kwenye ndoa yake akiwa amepoteza mimba mbili. Mama mkwe wake wa zamani alimwambia mbele ya watu, "Wewe na kichanga hamuivi chungu kimoja." Maneno hayo alihama nayo.

Jumanne ya wiki ya tatu ilibidi apeleke gauni la bibi harusi likajaribiwe. Nesi akajitolea kubaki na vipaka.

"Tumbo chini, usisahau."

"Fundi wangu, mimi nimeanza kulisha watoto kabla wewe hujajua kutunga uzi. Nenda!"

Aliporudi adhuhuri aliambiwa wote wamekula vizuri.

Jumatano mmoja alianza kukoroma kifuani, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa. Alhamisi akafuata wa pili. Daktari alisema maziwa yameingia mapafuni, mlishaji amekosea. Fundi alipiga hesabu: yeye ndiye aliyelisha mara nyingi, tena nyingine akisinzia. Akaanza kuosha mikono mara tatu kabla ya kumgusa yule aliyebaki. "Nimewaua," alimwambia nesi, naye akampapasa mgongo, kimya.

Jumamosi asubuhi nesi alikuja amevaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka. Alitoa pete, akaiweka juu ya meza katikati ya vifungo na mkasi.

"Unioe," fundi alisema polepole, "halafu? Nikuzalie mtoto nimuue? Yule mama alisema kweli. Tafuta mwingine, kipenzi. Mkono wangu hauna uhai."

Nesi alikaa kwenye kigoda.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Jumanne. Niliwalisha chali, mkononi, kama tunavyowapakata vichanga wodini. Wote watatu. Mmoja alikohoa, maziwa yakamtoka puani. Nikamfuta. Nikasema yatapita."

Kikapuni, yule wa mwisho alikuwa akikoroma tangu alfajiri.

"Na Alhamisi, nilipokwambia nimewaua, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulinishika mgongo."

"Niliogopa utanifukuza."

"Nisingekufukuza!" Sauti ilimpasuka. "Ningekugombeza saa nzima, kisha tungelia wote wawili. Paka ningekusamehe. Lakini uliniona najichukia siku nne, na dawa unayo mdomoni, ukanyamaza."

"Nisamehe. Nitakaa, tumuuguze huyu pamoja."

"Chukua pete yako."

Alipoondoka, fundi alikilaza kipaka tumbo chini kwenye kiganja. Kilimeza tone moja, la pili likatoka pembeni ya mdomo. Hakulazimisha. Alikiweka kifuani ndani ya blauzi, kipate joto lake, akashona kwa mkono mmoja pindo la gauni la mtu, akililowesha kwa machozi. Saa kumi alasiri mkoromo ulikoma.

Nesi alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Amekufa," fundi alisema. "Sasa hivi."

"Nakuja, mpenzi. Nipo njiani."

"Usije."

"Mbona umenipigia, basi?"

"Nimetaka ujue leo. Mtu hufahamishwa siku ileile."