Visu Vilivyomgeukia Tina

Asubuhi ile Isidore alifungua kabati akakuta visu vyake vyote vimegeuza ncha upande mmoja. Jana yake jioni alikuwa amevipanga mwenyewe juu ya kitambaa, vikubwa nyuma, vidogo mbele, mipini yote ikimwelekea yeye. Sasa ncha zilielekea ukutani, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kitanda cha Tina, binti yake wa pekee. Alidhani mkewe amevichezea. Akavipanga upya, akaenda kazini.

Bunia watu hukusanya ng'ombe na viwanja. Isidore, fundi wa pikipiki wa mtaa wa Mudzi-Maria, alikusanya visu, tena vya bei rahisi: vya kukunja vya Kichina kutoka sokoni, vya wavuvi wa Tchomia vinavyonuka samaki hata uvioshe vipi, vya wachimbaji vyenye mipini iliyofungwa waya. Kila Jumapili baada ya misa alivipaka mafuta ya cherehani, akamwonyesha mgeni jinsi kila kimoja kinavyofunguka, hata mgeni aliyekuja kuleta habari za msiba. Vahwere, mkewe, alikuwa akimcheka mbele za watu.

"Wengine, bwana yao analetaka bibi wa pili. Wangu analetaka visu."

Kisu cha mwisho alikuwa ameletewa siku moja kabla ya asubuhi ile na Fabrice, dereva wa gari la kwenda machimbo ya Mongbwalu. Kilikuwa kidogo, mpini wa pembe, kimekunjwa na kuzungushiwa utepe wa mpira wa tairi mara nyingi, kama mtu aliyetaka kisifunguke kamwe. Huku kwetu kisu hakipitishwi mkono kwa mkono. Anayetoa hukiweka chini, anayepokea hukiokota, na hata watoto wanajua. Fabrice hakukiweka chini, alikinyoosha tu. Isidore, ambaye hapendi kitu kama kupima uzito wa kisu kiganjani, alikipokea. Kipya kinyemi kingawa kidonda. Akakata ule mpira, akatia mafuta, akakifungua. Kikalia: ka!

Tangu hapo mlio huo ulisikika alfajiri, kabati likiwa limefungwa. Ulifuatwa na harufu ya udongo mbichi wa shimoni na damu. Kisha Tina aliamka na mchanjo kidoleni, umenyooka, hautoi damu. Kesho yake ulikuwa kwenye kiwiko. Kisha begani.

"Papa, kuko mutu ananipimaka," mtoto alisema kwa sauti ndogo. "Anachekaka."

Isidore alikitupa kisu mtoni Shari, akakikuta kabatini kimelowa. Akamtafuta Fabrice kwenye kituo cha magari, na Fabrice alipomwona alificha mikono mgongoni.

"Yaya," alimwita kama kaka mkubwa, "unisamehe. Na miye walinipatiaka mukono kwa mukono. Bibi yangu alikuwa tayari na alama hapa." Akajigusa kidole.

"Basi ukirudishe kwako!"

"Hairudiake kwa mwenye aliitoa."

Isidore alikwenda kwa Mwalimu Djuma, aliyewahi kuwasomea dua wachimbaji wa Mongbwalu. Yule mzee alikitazama kisu kwa mbali, akanong'ona kana kwamba kinasikia.

"Hii jini haifukuzwake. Inapitaka tu, mukono kwa mukono. Inaangaliaka mutu mwenye unapenda kupita wote. Ukipatia mungine, itaangalia mwenye yeye anapenda. Na haianzake upya, inaendelea penye ilifika."

"Ikimaliza?"

"Inalala. Kiisha inaamuka, inaangalia mungine."

Lakini ampe nani? Habari zilikwisha kuenea mtaani, na mafundi wenzake hawakupokea tena hata spana mkononi mwake. Vahwere angekipokea mara moja, ila Vahwere naye hakuwa na mtu ampendaye zaidi ya Tina. Siku alama ilipofika kwenye mtulinga, karibu kabisa na koo, Isidore aliamua. Angempa Tina mwenyewe. Nani asiyejua kuwa mtoto yule alikuwa wa baba? Jini lingemgeukia yeye, naye alikuwa tayari. Niseme ukweli, wazo hilo lilimpendeza.

Mchana, Vahwere akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, alimwita mtoto kwa kubembeleza, akamnyooshea kisu.

"Mama, shika hii."

"Papa, uweke chini. Mama alisemaka tuwekake chini."

"Leo shika tu."

Tina akashika. Isidore alimkumbatia, akaoga, akavaa shati la misa, akalala kitandani, mikono kifuani, akingoja. Ile harufu ikaja. Ikapita mlangoni, ikasimama karibu naye hata akafumba macho na kuanza Baba Yetu, kisha, badala ya kumkaribia, ikaenda zake polepole ukumbini, ikapita kabatini ambako visu vilisikika vikijigeuza juu ya kitambaa, vikubwa na vidogo, ikatoka nje upande wa jikoni, na yeye akaelewa, akaruka kitandani akipiga kelele jina la mkewe, na kabla hajafika mlangoni ukasikika ule mlio, ka! na mchi ukaacha kutwanga.

Baadaye Tina aliulizwa na shangazi yake, Débora, alikuwa akimpenda nani zaidi. Alishangaa swali lenyewe.

"Mama. Nani mungine?"

Walimzika Vahwere. Sasa jini limelala, na Isidore anajua ya kuwa nyumbani mle amebaki yeye tu wa kupendwa. Ndiyo maana majirani wanamsikia akimtukana mtoto asubuhi na jioni. Anamnyima chakula. Alimpeleka kwa Débora, Tina akarudi kwa miguu. Alimwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake, maneno ambayo hata mbwa hastahili kuambiwa. Débora anasema kaka yake amekuwa mnyama, naye Isidore anamwomba Mungu dada huyo aseme hivyo mbele ya mtoto mara nyingi iwezekanavyo.

Juzi jioni, umeme ukiwa umekatika, Tina alimkuta ameketi peke yake. Alipanda mapajani mwake, akamshika shingo kwa mikono miwili.

"Papa, hata unichapake. Miye sina tena mutu. Niko nakupenda weye tu."

Isidore aliinua mkono ampige, ukamshinda.