Unyayo wa Lisgarrow

Mimi hapa jimboni Mayo hakuna kondoo nisiyemjua jina, lakini kijiji cha Lisgarrow hata mimi sikuwahi kukisikia. Rafiki yangu Fintan alikikuta kwenye daftari la ubatizo, ndiko alikozaliwa bibi wa bibi yake. Mama yake Fintan, Dympna, yule wa vidole vinne mguu wa kushoto, alikuwa mahututi hospitalini, mwaka mzima hajakanyaga chini.

"We mzembe, kwetu umepaona? Au unangoja nife upumzike?" akamfokea kutoka kitandani.

Fintan akaikodolea ramani macho mpaka yakavimba kama viazi. Mwishowe mzee Malachy, mchunga kondoo, akamwonyesha mlima.

"Waliobaki walikufa wote kwenye ile njaa ya zamani ya viazi, kijana wangu. Utakuta kuta tu."

Ilikuwa mchana, ila ukungu ulikuwa mweusi kama ndani ya gunia. Akaifikia nyumba moja isiyo na paa. Mvua ilimwagika kwa ndoo, lakini mle ndani halikudondoka hata tone. Alisikia mtu akisawazisha majivu mekoni, kwaruu, kwaruu. Alipoingia, kimya.

Majivu yalikuwa makavu, yamelainishwa vile wazee wetu hufanya mkesha wa mwaka mpya, ili asubuhi wasome unyayo. Unyayo ukielekea mlangoni, mtu wa nyumba hiyo anakufa. Ukielekea ndani, kuna anayekuja kukaa.

Ulikuwepo mmoja, wa kushoto, umeelekea ndani.

Simu ikaita. Ni dada yake, analia tu. Fintan alikuwa ameinama, anahesabu vidole kwenye majivu.

Vinne.