Uzi Chini ya Mafunjo

Dhoruba ilipowaachia, mkondo waliojia haukuwapo tena. Visiwa vya mafunjo vilikuwa vimeng'oka na kuuziba. Injini ya boti ikazimika, propela imenyongwa na mizizi. Umeme, mdogo wa ndugu wawili waliokuwamo, akaingiza mkono kuinasua, bapa la propela likateleza, likamchana kiganja hadi mfupa ukachungulia.

"Usiniangalie hivyo, dada. Ni mkono tu."

Dada yake akachana sare ya shule kutoka kwenye furushi walilokuwa wakipeleka ng'ambo, akamfunga, akakaza. Damu ikapita. Akaongeza nyingine.

Wote wawili walikuwa mafundi cherehani, chumba kimoja, meza zikitazamana. Umeme alikata kitambaa kwa jicho tu. Dada yake alipima, akapima tena, na wateja wakamwita Kobe. Jina lilianzia darasani, siku mwalimu alipotangaza mbele ya wenzake kwamba akili za huyu zinakuja kwa miguu.

"Pita pale!" Umeme alielekeza kwa kidevu. "Nina uhakika."

Wakapita. Ukuta wa mafunjo. Wakageuza, wakaingia kwingine. Ukuta. Na kila mara Umeme alikuwa na uhakika.

"Basi," alisema Kobe. "Kila mlango wa mafunjo uliotudanganya naufungia alama. Hautudanganyi mara mbili."

"Mpaka umalize, dada, tutakuwa tumeota magamba."

"Ota. Mimi napiga kasia."

Akafunga vipande vya kitambaa cha bluu, mlango kwa mlango. Dumu la maji ya kunywa lilikuwa limesombwa na dhoruba. Wakachuja maji meusi kwa shati la mtoto, wakanywa hivyo hivyo. Jua likawachoma visogo. Umeme alianza kutetemeka, na bendeji ilikuwa imelowa tena.

Ghafla akacheka, kicheko kikavu. "Dada, kitambaa chako kimeota miguu. Kile pale, kinatufuata!"

Kobe akageuka. Alama ya kwanza kabisa, aliyoiacha nyuma yao, ilikuwa mbele. Mafunjo yalielea, upepo ukiyasukuma huku na kule, na milango yote ilikuwa imebadilishana nafasi.

"Nimepima kitambaa huku mtu anakivuta," alisema taratibu. Akalaza kasia, akakaa.

"Unakaa? Nakufa hapa, wewe unakaa! Fanya kitu!"

"Nafanya."

Aliinua uso. "Ee Mungu, kichwa ulichonipa ni hiki. Basi hiki hiki ndicho kitatutoa. Sitakuachia huyu hapa, wala mimi sibaki."

Ni kitu gani hapa hakiusikilizi upepo? Alijiuliza, akarudia kujiuliza, mpaka jibu likamjia. Alichomeka kasia kwenye tope, akaifunga boti isisogee. Akatoa bobini mfukoni, kile kigurudumu cha uzi wa cherehani, akaifungia kipande cha kitambaa, akaishusha kwa uzi ndani, chini ya mizizi. Uzi ukasimama wima. Halafu ukalala upande mmoja, ukavuta kidoleni kama samaki mdogo.

"Mto bado unapita huku chini. Unakwenda kule."

"Kule ndiko ukuta mnene kuliko zote!"

"Maji yanapita. Na sisi tutapita. Nipe mkasi wa kukatia, na hilo jicho lako uliamshe."

Akakata mabua mpaka malengelenge yakapasuka. Akasukuma kwa kasia. Umeme, akiegemea ubao, hakupepesa.

"Kushoto, dada! Yanaachana! Sasa!"

Wakajipenyeza. Wakakwama, uzi ukashuka, ukawaonyesha, Umeme akapiga kelele, Kobe akakata. Ukuta ulipofunguka, mbele yao palikuwa na maji meupe, gati, na watu wakiwapungia.

Kwenye zahanati, muuguzi alishona kiganja kile huku akiuliza, "Ilikuwaje mkatoka mule? Watu hupotelea mule."

Kobe akafungua mdomo, akafunga, akawaza. Muuguzi hakuwa na subira. Akamgeukia mdogo mtu. "Hebu wewe unayesema haraka, niambie."

Umeme akamkazia macho.

"Muulize yeye. Na umsubiri."