Kontena Kutoka Kibondo

Soko la Kasulu lilikuwa limefurika siku Anifa alipokanyagwa na kijana mrefu aliyekumbatia kompyuta mpakato kifuani.

"Samahani, dada'angu! Nimekuumiza?"

"Umeniumizia kiatu," Anifa alijibu, akikung'uta ndara yake na kuweka sawa mtandio wa njano. "Mguu wenyewe mzima."

Kijana akacheka. Alikuwa Nurudini, mtoto wa mwenye duka wa Kibondo, mtaalamu wa kompyuta hukohuko. Anifa, binti wa Tanga aliyepangiwa kazi Kasulu, alikuwa wa fani hiyohiyo: wote wawili waliutunza mfumo ambao zahanati huutumia kuita gari la wagonjwa, ila walijuana kwa barua pepe tu. Wakaanza na bei ya tangawizi, wakaishia kupeana namba.

Toka hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Kesho nalifungasha upya kontena la mfumo wetu."

"Basi andika matoleo ya vifurushi. Ukiacha wazi, kitaingia chochote kipya kilichotoka."

"Wewe unanibembeleza au unanikagua?"

"Vyote, malkia wangu."

Anifa alicheka, na matoleo hakuyaandika.

Asubuhi akalifungasha kontena, yaani programu pamoja na vifurushi vyote, zile programu ndogondogo inazozitegemea, akaliwasha, akafuta la zamani apate nafasi. Kumbe kifurushi kimoja kilikuwa kimetoa toleo jipya. Likaingia lenyewe, halikupatana na wenzake, mfumo ukagoma.

Muuguzi Esteria akapiga kutoka zahanati ya Nyakitonto. "Da Anifa, nina mama mwenye uchungu, damu inamtoka! Kila nikiita gari, kimya!"

Anifa akampigia dereva mwenyewe, gari likaondoka. Lakini zahanati nyingine zilibaki hazina msaada, na intaneti ya Kasulu nayo ikawa imekatika ghafla. Hakuwa na njia ya kupakua toleo la zamani. Akampigia Nurudini.

"Kontena la zamani unalo?"

"Ninalo. Si nilikuambia, Anifa..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, hapatikani. Machozi yakamlengalenga. Kumbe ni mtu wa kulaumu na kukata simu! Akajiapiza kutompokea tena, akashinda anaunganisha wauguzi na madereva mpaka sauti ikakauka.

Alasiri pikipiki ikasimama mlangoni. Nurudini akashuka, shati jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi, mkononi ana diski.

"Ulinikatia simu," Anifa alisema.

"Ilizima, mpenzi. Umeme haukuwepo tangu jana. Nikanakili kontena kwa chaji iliyobaki kwenye kompyuta, nikaja nalo."

Wakalipakia. Mfumo ukaamka, maombi ya magari, yanayokuja kwa ujumbe wa simu, yakaanza kumiminika. Haukupita muda, Esteria akapiga: mama amejifungua salama, mtoto wa kike.

Anifa akalia waziwazi. "Ahsante, Nuru. Nimekuchukia kutwa nzima, kumbe uko njiani unakula vumbi kwa ajili yangu."

"Ahsante wewe uliyeshinda na simu mchana kutwa. Bila wewe yule mama asingefika hospitali."

Wakakaa bega kwa bega, wakaandika toleo la kila kifurushi. Walipomaliza, Nurudini akakohoa.

"Nataka kuja Tanga kwa wazee wako. Utanikubali?"

Anifa alichukua simu, akabonyeza namba. "Shikamoo, mama. Kuna mtu nataka umsalimie."

Nurudini akapokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti kutoka Tanga. "Mbona umechelewa kunipigia? Nimesikia habari zako siku nyingi."