Kijiti Nyuma ya Sikio

Kahawa yote ilimwagikia gauni la Nunzia, pale kwenye lango la bandari ya Brooklyn, makuli wakisukumana kuwahi kazi.

"Dada, nisamehe! Nitakulipa."

"Gauni au kahawa?"

"Leo kahawa. Gauni nipe muda."

Nunzia akacheka bila kupenda. Kijana aliyemgonga aliitwa Sabato: mabega mapana, koti limetoboka kiwiko. Haukupita muda ikawa siku haiishi bila simu, Sabato akipiga kutoka kibanda cha mtaani, Nunzia akipokea katika duka la mikate alikofanya kazi.

Alimpendea ukaidi wake. Kila asubuhi makuli walisimama nusu duara, msimamizi akichagua wa kupakua meli. Aliyekubali kumkatia Gaffuri, bosi wa chama chao, sehemu ya ujira wake alichomeka kijiti cha meno nyuma ya sikio, na hao ndio walioitwa. Baba yake Nunzia alikataa, akapondwa mkono kwa nyundo. Sabato naye alikataa, akashinda njaa.

Kisha asubuhi moja Nunzia akakiona kijiti, nyuma ya sikio la mpenzi wake.

Mchana simu ikalia.

"Mpenzi..."

"Kamwite Gaffuri hivyo!"

"Nataka tupate chumba, Nunzia. Nikuoe tukalale wapi, barazani?"

"Chumba cha kijiti silali! Baba yangu namfunga vifungo vya shati mimi, Sabato. Mimi!"

Akakata simu, akalilia juu ya unga.

Jumapili chama kilikutana. Baba akarudi mbio.

"Kijana wako ana wazimu. Kasimama mbele ya wote, kamwambia Gaffuri: 'Mwizi wewe, na mkono wa mzee huyu uliuponda wewe.'"

"Na wewe, baba?"

"Nilisimama naye. Tulikuwa wawili tu."

Kabla mzee hajaketi, Nunzia akaitwa kwenye simu ya jirani.

"Wamevunja mlango wangu, mpenzi. Naondoka na basi la Cleveland. Njoo, tukaoane huko."

Alimkuta stesheni ya mabasi, kola imeinuliwa hadi masikioni.

"Mbona huna sanduku?"

"Nikienda, nani atabaki na baba?"

"Basi nabaki."

"Ubaki nikuzike? Panda, Sabato."

"Utaningoja?"

"Wewe ishi tu. Kungoja niachie mimi."

Alimbusu, akamsukuma ndani. Hapo hapo akamwona mlangoni mwa stesheni mtu wa Gaffuri, kofia ya kijivu, macho yakipekua umati.

Nunzia akakimbilia basi la Boston upande wa pili. Akabandika kiganja kwenye dirisha la abiria asiyemjua, akalia kwa sauti, "Kwaheri, mpenzi wangu! Kwaheri!" Machozi yalikuwa ya kweli. Yule mtu akamfuata mbio, akapanda basi lile, akaanza kukagua kiti kwa kiti.

Nyuma yake Nunzia alisikia basi la Cleveland likinguruma, likiondoka. Hakugeuka kulitazama.